Taa zimeishia barabarani, kingo za Themi na Naura zimebaki gizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo wakazi wengi wa Arusha wanakutana nalo kila jioni na hawalisemi, pengine kwa sababu wamelizoea. Jiji letu halina bahari wala ziwa. Maji yake ni mito inayoshuka kutoka Mlima Meru, Themi, Naura, Burka, Ngarenaro na vijito vyake, inayolipita jiji kuelekea kusini na kulikata vipande vipande, hadi maji yake yaingie Mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yaufuate Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Mwenye gari haioni mito hii, kwa kuwa anaipita juu ya daraja la barabara kabla hajamaliza sentensi aliyokuwa akiisema. Anayetembea kwa miguu anaijua kwa magoti yake: anateremka korongo, anavuka kidaraja, anapanda upande wa pili, na kesho yake anarudia. Ninachoomba ni taa kwenye njia na vidaraja vya kingo hizo, na zaidi ya taa zenyewe, naomba awepo mtu mwenye wajibu nazo baada ya kuwekwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tangu nistaafu nashona nguo katika chumba cha kupanga karibu na katikati ya mji, na kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, navuka kidaraja cha miguu kinachounganisha mtaa wangu na mjini. Sitakitaja kwa jina, kwa sababu msomaji anayeishi Daraja Mbili, Sekei, Kijenge au Unga Limited atadhani nimekielezea cha kwake: mihimili miwili ya chuma, mbao zilizopigiliwa juu yake na mbili kati ya hizo hazipo, bomba la kushikilia upande mmoja tu kwa kuwa la upande wa pili lilikatwa usiku likaenda kuuzwa kama chuma chakavu, na huku na huku njia ya udongo inayopita katikati ya mabingobingo marefu kuliko mtu.

Upande wa mjini, hatua kama themanini kabla ya kidaraja, kuna genge la mama mmoja anayeuza nyanya, vitunguu na mkaa wa kupima. Amening'iniza balbu moja juu ya meza yake, na hapo ndipo mwanga wa mji unapoishia. Kuanzia saa moja jioni utawakuta wanawake na wasichana wamesimama chini ya balbu hiyo bila kununua chochote. Wanasubiriana. Akifika mwingine anaambiwa, "Shikamoo Mwalimu, subiri kidogo tufike wanne," na wakifika wanne au watano wanawasha tochi za simu na kuteremka pamoja, wa mbele akimulika mbao, wa nyuma akimulika majani. Aliyechelewa akawakosa hulazimika kulipa bodaboda azungushwe kwa barabara kubwa, na kwa mfanyakazi wa ndani au mwosha vyombo wa hoteli nauli hiyo inatoka kwenye unga wa kesho. Nimemwona msichana wa kidato cha pili, begi la shule mgongoni, akisimama hapo hadi saa mbili na nusu usiku kwa kukosa mtu wa kuvuka naye.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu atembee usiku kandokando ya mto. Swali hilo linasahau mahali tulipo duniani. Arusha iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta, na jua letu huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni mwaka mzima, iwe kiangazi iwe masika, na likishazama giza halichelewi. Saa hiyo ndipo maduka yanafungwa, masoko yanafagiwa, wanafunzi wanatoka kwenye masomo ya ziada na vifodi, yaani daladala zetu, vinajaa hadi mlangoni. Tunayemwita mtembezi wa usiku ni mtu anayerudi nyumbani kutoka kazini kwa saa za kawaida kabisa.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, mimi mwenyewe sikusubiri wafike wanne. Ilikuwa Alhamisi, yapata saa moja na nusu, nami nilikuwa na haraka kwa sababu nilibeba magauni mawili ya sendofu yaliyohitajika Ijumaa. Nilikuwa nimebakiza mbao tano hivi kumaliza kidaraja mtu alipotokea kwenye majani, akaukamata mkoba wangu na kuuvuta. Mkanda haukukatika. Nikaburutwa, nikaangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Nilifungwa hogo kwa wiki sita, na ilipita miezi mitatu kabla sijaweza kushika mkasi wa kukatia. Magauni yalikwenda, simu ilikwenda, futi kamba yangu ilikwenda. Kilichoniuma kuliko vyote ni daftari langu la vipimo, la miaka kumi na moja, lenye mabega, viuno na urefu wa mikono ya wateja wangu wote. Mtoto wa jirani aliliokota kesho yake kwenye tope chini ya kidaraja. Wino ulikuwa umetandaa kurasa zote, namba zimekuwa mawingu ya bluu. Bado nawapima watu upya hadi leo, mmoja mmoja, nikiwaeleza sababu.

Nilikwenda kutoa taarifa. Askari aliyenipokea alikuwa kijana mwenye adabu na alifanya kazi yake vizuri. Aliniuliza mtu yule alikuwa mrefu au mfupi, amevaa shati la rangi gani, nikimwona tena nitamtambua? Kwa maswali yote hayo jibu langu lilikuwa moja: giza. Mtu alinivuta nikiwa naye karibu kuliko nilivyo karibu na karatasi hii ninayoiandikia, nami sikuweza kusema hata kama alikuwa na ndevu. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiri, kwamba giza humsaidia mkwapuaji mara mbili, kwanza anapovizia na kisha pale mwathirika anaposhindwa kumweleza askari kitu chochote cha kumsaidia. Msichana aliyefanyiwa baya kuliko langu, akifika kwenye dawati la jinsia, ataulizwa maswali yale yale na atakuwa na jibu lile lile.

Mwanangu ni fundi umeme, na katika wiki zile nilizokaa nyumbani mkono ukiwa umefungwa alinieleza mengi ambayo sasa nayaona kila ninapotembea. Mbalamwezi ya usiku usio na mawingu haifikii hata theluthi moja ya kipimo cha mwanga ambacho mafundi hukiita luksi moja. Nchi za Ulaya, katika viwango vyao vya njia za watembea kwa miguu, hutaka wastani wa kati ya luksi 2 na 15 kutegemea wingi wa watu na hatari ya mahali. Luksi 5 zinatosha mtu kuona mbao iliyooza, na hizo hupatikana kwa taa ndogo tu, ikikaa mahali panapostahili. Wataalamu wa taa wana kanuni nyingine nzuri: mwanga wa njia ya miguu ufae kuutambua uso wa mtu akiwa umbali wa mita 4 hivi, kwa sababu huo ndio umbali unaokuachia nafasi ya kuamua, kumsalimu, kusimama au kurudi ulikotoka.

Jambo la pili alilonionyesha ni kwamba mwanga mkali uliowekwa vibaya unaongeza hatari. Jicho likitoka kwenye mwanga mkali huchukua hadi nusu saa kuizoea hali ya giza sawasawa. Mtu anayetoka chini ya taa kubwa za barabara kuu na kuteremka korongoni anateremka akiwa kipofu kwa muda, wakati anayemvizia amekaa gizani tangu magharibi na anamwona vizuri. Kwa hiyo jiji linapoweka taa nzuri barabarani na kuiacha njia inayochepuka kwenda mtoni bila hata taa moja, kidaraja kilichoko hatua mia moja kutoka hapo kinazidi kuwa cha hatari kuliko kilivyokuwa barabara yenyewe ilipokuwa gizani. Hili naliomba lisomwe taratibu na wahandisi wetu, kwa kuwa najua hakuna aliyelikusudia.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Arusha ya leo ina taa nyingi kuliko ile niliyoanzia kazi, na barabara zilizojengwa katika miaka hii ya karibuni zimekuja na nguzo zake. Hata kwenye kidaraja chetu ipo nguzo. Iliwekwa miaka kadhaa iliyopita, taa ya sola, utepe ukakatwa na tukapiga makofi, mimi nikiwa mstari wa mbele. Iliwaka miezi kumi na moja. Wanawake waliacha kusubiriana, na mama wa genge alikuwa akichelewa kufunga, hadi saa tatu. Kisha ikaanza kuwaka hadi saa tatu tu, baadaye hadi saa mbili, na asubuhi moja tukakuta sanduku la betri liko wazi, nyaya mbili zinaning'inia, nyekundu na nyeusi, na kilichokuwa ndani hakipo. Nyaya hizo ziko pale mpaka leo. Watoto wakitoka shule huruka kuzigusa.

Niliandika barua. Ofisi ya kwanza ilinieleza kwamba nguzo si yao. Ya pili ilisema nguzo inaweza kuwa yao ila njia siyo. Ya tatu ilipokea barua, ikanigongea muhuri, na muhuri huo ndio jibu nililonalo. Sitazitaja, kwa kuwa sidhani kuwa wale niliowakuta mezani ni watu wabaya, na baadhi yao walionekana kutojua kweli. Tatizo liko kwenye mpangilio wa wajibu, nao unastahili kutazamwa kwa makini.

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Umeme ni wa TANESCO. Mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Halmashauri ya Jiji inasimamia usafi na mipango miji, na serikali ya mtaa inasimamia ulinzi shirikishi. Njia ya udongo ya kandokando ya mto, ambayo haikuchorwa na mtu yeyote bali imetengenezwa na miguu ya watu kwa miaka mingi, inapita katikati ya mamlaka zote hizi bila kuwa ya yeyote. Juu ya hayo ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu cha 57 inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, na nimefundisha watoto maana yake. Lakini kwa vitendo mita 60 zimegeuka kuwa mahali pa kukimbiwa: kwa kuwa hairuhusiwi kujenga, hakuna anayepanga chochote, hakuna anayefyeka, hakuna anayewasha, na eneo lililokusudiwa kuulinda mto likawa maficho ya wavuta bangi na dampo la usiku. Sheria hiyohiyo inampa Waziri nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli ndani ya eneo hilo. Nguzo fupi ya taa na njia ya changarawe haviwezi kumdhuru mto kuliko taka zinazotupwa humo kwa kuwa hakuna anayemwona mtupaji.

Kuhusu kama taa zinapunguza uhalifu, wapo waliopima. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka taa za ziada katika makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti walipolinganisha na makazi yasiyopata taa hizo waligundua kwamba makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yalipungua kwa takriban asilimia 36. Kabla ya hapo, mwaka 2008, wataalamu wa makosa ya jinai Brandon Welsh na David Farrington walikusanya tafiti 13 za Marekani na Uingereza, wakaona upungufu wa asilimia 21 katika maeneo yaliyoboreshewa taa. Kilichonivutia zaidi katika kazi yao ni kwamba upungufu haukuwa wa usiku peke yake, kwani hata mchana makosa yalipungua. Taa haiwezi kumzuia mwizi saa sita mchana. Wenyewe walieleza kwamba mahali panapoboreshwa wakazi hupaonea fahari, hukaa nje, hufahamiana, na hupaangalia kama pao. Sisi tuliishi jambo hilo kwa miezi kumi na moja, na ningeweza kulisema bila kusoma utafiti wowote: taa ilipowaka, vijana walitengeneza benchi la magogo pale kidarajani na wakawa wanacheza drafti. Ilipozimika, benchi likawa kuni.

Ndiyo maana sishawishiki na wazo la kufunga milingoti mirefu ya kumulika eneo zima, ile ambayo wenzetu wa Nairobi huiita mulika mwizi. Mahali pa wazi inafaa. Kwenye korongo lenye mikuyu na migomba mlingoti mrefu hutupa kivuli kirefu, na kivuli ndicho tunachokikimbia, tena ukizimika mmoja mtaa wote unazimika nao. Kingo za mto zinahitaji nguzo fupi, za mita 4 au 5, zilizokaribiana, zinazomulika chini kwenye njia na kuuacha mto na miti yake upumzike. Ziwe mahali ambapo mguu na moyo vinasita: mwanzo na mwisho wa kidaraja, kwenye ngazi, na kwenye kila kona ambayo huwezi kuona kilichoko mbele. Mwanga uwe mweupe wenye ujoto, si ule wa rangi ya machungwa wa taa za zamani za sodiamu, ambao kila rangi huigeuza kuwa kahawia. Kama fundi cherehani naweza kuapa kwamba chini ya taa hizo huwezi kutofautisha uzi wa kijani na wa bluu, na mwathirika hataweza kumwambia askari rangi ya shati.

Gharama ya umeme haitishi kama inavyodhaniwa. Taa ya LED ya wati 30 ikiwaka saa 12 usiku kucha hula uniti 0.36, yaani uniti 11 hivi kwa mwezi. Kidaraja chenye taa sita hakifiki uniti 70. Pale ambapo laini ya TANESCO iko karibu, ningeshauri iunganishwe huko, kwa sababu ya hali yetu ya hewa. Wageni wanadhani Afrika ni jua tupu, lakini sisi tunajua Arusha ya Juni hadi Agosti, siku nzima ya mawingu na baridi, Meru haionekani hata mara moja. Taa ya sola iliyonunuliwa kwa bei ya chini, yenye betri ya kutosha usiku mmoja tu, itazimika katika miezi hiyohiyo ambayo giza linaingia na mawingu yake. Pasipokuwa na laini, sola iwepo, ila betri iweze kuhimili siku tatu za mawingu, ifungwe juu ya nguzo pamoja na taa badala ya kuwekwa kwenye sanduku la kiunoni kama letu, na paneli ipanguswe vumbi, kwa kuwa vumbi la kiangazi chetu linaweza kuifunika kama shuka.

Nani apanguse? Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Taa isiyo na mwenyewe ina umri wa miezi kumi na moja. Naomba kila nguzo iandikwe namba yake kwa rangi inayosomeka, na chini yake namba ya simu ya kupiga ikizimika, na simu hiyo iwe ya ofisi moja inayotambulika, hata kama gharama zitagawanywa na ofisi nne. Naomba kazi ya kupangusa, kubadilisha na kufyeka wapewe vijana wa mtaa husika kwa mkataba wa malipo, maana fedha ya kununua ngazi, nyundo na majembe wanaweza kuipata kupitia ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu yake ni ya vijana, lakini mkopo bila kazi ya kuurejesha ni mzigo. Kijana anayelipwa taa ikiwaka hataruhusu betri iondoke. Na mabingobingo yafyekwe mita tatu kila upande wa njia, yabaki chini ya goti. Miti iachwe. Mkuyu haujawahi kumkaba mtu, na mizizi yake ndiyo inayoshikilia kingo.

Mama wa genge na wenzake nao wasifukuzwe. Najua historia ya machinga na maeneo yasiyo rasmi, na sitaki kuifungua hapa. Nasema tu kwamba meza moja ya mahindi ya kuchoma iliyopewa kibali cha kukaa mwanzo wa kidaraja hadi saa tatu usiku inaleta macho ya watu mahali ambapo doria ya polisi hupita mara moja na kuondoka.

Usalama wa kingo za mito haumalizikii kwa vibaka. Tarehe 12 Aprili 2024, hapa hapa Arusha, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo na watoto wakafa. Ilikuwa asubuhi, taa isingewaokoa, na sitautumia msiba huo kubebea hoja isiyo yake. Lakini ulitukumbusha sote kasi ya maji haya mvua inaponyesha juu mlimani huku chini kukiwa kukavu. Usiku wa masika mvukaji wa kidaraja chetu hajui mto umefika wapi mpaka maji yaguse viatu. Alama iliyopakwa rangi kwenye nguzo ya kidaraja, nyeupe, njano na nyekundu, ikimulikwa na taa ileile, ingemwambia mtu arudi. Bomba la kushikilia lirudishwe pande zote mbili, na lifanywe la zege ili lisimvutie mnunuzi wa chuma chakavu.

Najua macho ya wengi sasa yako kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuliandaa kwa pamoja Septemba 2023, na kwenye uwanja mpya wa hapa kwetu. Nafurahi kama mwana Arusha yeyote. Jiji litapendezeshwa, na nina hakika njia za wageni, kuanzia Mnara wa Saa hadi kwenye hoteli, zitang'aa. Naomba tu tukumbuke kwamba atakayepika chakula cha mgeni huyo, atakayetandika kitanda chake na kufua mashuka yake, atatoka kazini saa nne usiku na kuteremka korongo la Themi au la Naura kwenda kulala.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya mitaa na kata huandaliwa miezi mingi kabla. Nimekwisha kumwomba mwenyekiti wetu wa mtaa aiweke ajenda ya kidaraja kwenye mkutano ujao, na amekubali. Kwa wahandisi na maofisa mipango wa jiji, wa ofisi yoyote ile, nina ombi jingine dogo kuliko fedha: njooni mtembee. Msije saa nne asubuhi na kofia za ukaguzi. Njooni saa moja na nusu jioni, kwa miguu, tochi zikiwa zimezimwa, mje na mabinti zenu kama mnao. Nitawasubiri pale gengeni, nami nitawavusha.

Mje kabla ya mwezi wa Desemba, tafadhali. Mama wa genge amenieleza wiki hii kwamba amepata chumba cha biashara upande wa Njiro na atahama mwisho wa mwaka. Miaka yote hii umeme wa balbu ile umetoka kwenye mita yake ya LUKU, na hajawahi kumdai mtu hata shilingi. Anaondoka nayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu na fundi cherehani,
Arusha.